Nafasi Ipo, Lakini Haijashikana

Leo nataka tuzungumze juu ya kazi inayofanyika sasa hivi ndani ya simu yako, ndani ya seva za benki yako, na pengine ndani ya kisimbusi kilicho chini ya televisheni yako, maelfu ya mara kwa kila sekunde, bila mtu kukuarifu. Ni kazi ya kugawa kumbukumbu, ile ambayo wauza simu huiita RAM. Na katika kazi hiyo nimechagua kona iliyo ngumu kuliko zote: pale mwombaji anapotaka fungu kubwa kwa mkupuo.

Mgawaji ni kerneli, ile programu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inayokaa kati ya programu zote na vifaa vya mashine. Kerneli ziko nyingi. Mimi nitaishika ya Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Naichagua kwa sababu ndiyo iliyo chini ya Android, kwa hiyo ndiyo inayoendesha simu nyingi zinazoita kuanzia Mombasa hadi Bujumbura. Naichagua pia kwa sababu msimbo wake uko wazi. Haya nitakayoyasema, mwenye shaka anaweza kuyafungua akayasoma mwenyewe.

Basi sikiliza jambo linalowashangaza hata watu waliosomea kompyuta. Kerneli inaweza kuwa na gigabaiti tele za nafasi tupu, ikaombwa megabaiti 4, ikajibu kwamba haina. Na jibu hilo likawa la kweli kabisa.

Inakuwaje? Kerneli haigawi kumbukumbu yote baiti kwa baiti. Inaikata kurasa, na kwenye mashine nyingi ukurasa mmoja ni baiti 4,096. Simu ya gigabaiti 4 ina kurasa 1,048,576, kila mmoja na namba yake. Anayeomba ukurasa mmoja hana shida, kwa kuwa wowote ulio mtupu unamfaa. Shida ni ya yule anayesema: nataka kurasa 1,024 zinazofuatana, namba kwa namba, pasiwe na mgeni hata mmoja katikati. Kurasa hizo ni megabaiti 4.

Anayetaka kujenga shule katika mtaa uliokwisha kupimwa viwanja anaijua hali hii. Viwanja vitupu ni vingi, kimoja huku, kimoja kule, na ukivijumlisha unapata ekari za kutosha. Lakini shule haijengwi juu ya jumla. Inataka viwanja vinavyopakana, na kila ukihesabu kumi unakuta katikati pana nyumba ya mtu.

Tufanye hesabu, maana hapa hesabu inasema kuliko maneno. Chukua simu hiyo ya gigabaiti 4. Tuseme asilimia 99 ya kurasa zake ni tupu, na asilimia 1 tu imeshikwa, ila hiyo moja imetawanyika ovyo kila mahali. Je, uwezekano wa kukuta kurasa 512 zilizofuatana, yaani megabaiti 2, zote zikiwa tupu ni upi? Ni chini ya 6 katika 1,000. Simu nzima ina mafungu 2,048 ya ukubwa huo, kwa hiyo utapata kama kumi na mawili. Panda hadi megabaiti 4, na kuna uwezekano mkubwa usipate hata fungu moja. Mashine ina asilimia 99 ya nafasi, na haina mahali pa kumweka mgeni wa megabaiti 4!

Na kama kurasa zilizoshikwa zimekaa vibaya kuliko inavyoweza kutokea kwa bahati, hali ni ya kutisha zaidi. Gawa gigabaiti 4 kwa mafungu ya megabaiti 4, unapata mafungu 1,024. Weka ukurasa mmoja tu ulioshikwa ndani ya kila fungu. Kurasa ulizotumia ni 1,024, jumla yake megabaiti 4. Kwa maneno mengine, megabaiti 4 zilizotumika vibaya zinatosha kuifanya gigabaiti 4 nzima ishindwe kutoa megabaiti 4.

Mtu akiniuliza kwa nini nalishikilia jambo hili, nitamjibu kwa hesabu hiyo. Tumezoeshwa kufikiri kwamba dawa ya upungufu ni kuongeza. Simu nzito? Nunua yenye RAM kubwa zaidi. Seva imekwama? Ongeza gigabaiti. Lakini hapa tatizo haliko kwenye wingi. Liko kwenye mpangilio, na mpangilio ni matokeo ya maamuzi ya watu walioandika programu: nani aliwekwa wapi, na je, anaweza kuhamishwa?

Turudi nyuma kidogo tuone kerneli inavyogawa. Njia inayotumiwa na Linux ni ya zamani kuliko Linux yenyewe kwa takriban miaka thelathini. Donald Knuth, mwandishi mashuhuri wa vitabu vya sayansi ya kompyuta, anaihusisha na Harry Markowitz, aliyeitumia mwaka 1963. Markowitz ndiye yule mchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kazi yake juu ya uwekezaji. Mwaka 1965 Kenneth Knowlton wa Bell Labs, Marekani, akaichapisha kwa ukamilifu. Mimi nitaiita njia ya mapacha.

Inafanya kazi hivi. Kumbukumbu inapangwa katika mafungu yanayoongezeka mara mbili mbili: ukurasa 1, kurasa 2, 4, 8, 16, hadi 1,024. Kila ukubwa una daraja lake, kuanzia daraja la 0 hadi la 10. Mtu akiomba kurasa 4 na fungu la kurasa 4 halipo, kerneli inachukua la 8 na kulipasua katikati. Nusu moja anapewa mwombaji, nusu nyingine inabaki kwenye orodha ya mafungu matupu. Nusu hizo mbili ni mapacha. Siku ile nusu iliyotolewa inaporudishwa, kerneli inamtazama pacha wake: je, naye yuko huru? Akiwa huru wanaunganishwa kuwa fungu la 8. Kisha fungu hilo la 8 nalo linamtafuta pacha wake, na kuendelea hivyo hadi juu.

Uzuri wake uko kwenye kumtafuta pacha. Hakuna daftari la kupekua. Unachukua namba ya ukurasa wa kwanza wa fungu, unageuza tarakimu moja tu katika maandishi yake ya sifuri na moja, na hapo hapo unayo namba ya pacha. Prosesa inalimaliza jambo hilo kwa amri moja. Ninaamini ni mojawapo ya mawazo bora kabisa yaliyowahi kuingia katika ufundi huu, na hadi leo, zaidi ya miaka sitini baadaye, hakuna aliyeling'oa.

Gharama zake zipo. Anayetaka kurasa 5 anapewa 8, na tatu zinakaa bure. Hiyo inavumilika. Isiyovumilika ni ile ya pacha aliyekwama. Fungu haliwezi kurudi kuwa zima mpaka mapacha wote wawili wawe huru, na ukurasa mmoja tu uliong'ang'aniwa unazuia muungano kwenye kila daraja lililo juu yake. Ukurasa mmoja, baiti 4,096, unaweza kulifungia fungu la megabaiti 4 kwa miezi, kwa muda wote mashine itakaokuwa imewashwa.

Hapa msikilizaji makini atauliza: mbona programu zangu zinaomba mamia ya megabaiti na zinapewa? Swali zuri. Programu za kawaida hazihitaji kurasa zinazofuatana kweli kweli. Tangu kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, iliyozinduliwa mwaka 1962, tumekuwa na mbinu ya kutafsiri anwani. Programu inaona kumbukumbu yake kama mstari mmoja usiokatika, lakini nyuma ya pazia kila ukurasa unaweza kuwa popote, na prosesa inatafsiri anwani moja hadi nyingine kwa kutumia majedwali ambayo kerneli huyaandaa. Kwa programu hizo, kutawanyika si shida hata kidogo.

Wenye shida ni wengine. Wa kwanza ni vifaa vinavyosoma na kuandika kwenye kumbukumbu moja kwa moja bila kupitia prosesa: kamera, mtambo wa kufungua video, kadi ya mtandao. Vingi kati ya hivi havina mtafsiri. Vinapewa namba ya mwanzo na urefu, basi, vinaanza kumimina. Wa pili ni kerneli yenyewe, ambayo sehemu kubwa ya kumbukumbu yake inafikiwa kwa njia ya mkato: anwani inayotumia na anwani halisi zinatofautiana kwa kiasi kisichobadilika, kwa hiyo kilichoshikana huku lazima kiwe kimeshikana na kule. Wa tatu ni wanaotafuta kasi, wanaotaka kurasa kubwa za megabaiti 2, ili prosesa itafsiri mara moja pale ambapo ingelazimika kutafsiri mara 512.

Kamera ya simu ndiyo mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu kila mtu ameishika. Tuseme ni ya megapikseli 12. Picha moja ina vitone milioni 12, na kama kila kitone kinachukua baiti 2 kabla ya kubanwa, picha hiyo ni baiti milioni 24. Daraja la juu kabisa la mapacha ni megabaiti 4. Kwa hiyo hata kwenye simu iliyowashwa dakika hii, tupu kabisa, njia ya kawaida haiwezi kutoa nafasi ya picha moja. Na kamera haihitaji nafasi ya picha moja tu, inahitaji ya kadhaa kwa zamu, ili moja inaposomwa nyingine iwe inajazwa.

Kwa miaka mingi dawa ilikuwa ya kibabe. Simu ilipowashwa, kabla ya kitu kingine chochote kuingia, kipande kikubwa cha kumbukumbu kilimegwa na kuwekwa pembeni kwa ajili ya kamera na video. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Ukipiga picha mara moja kwa wiki, kipande kile kilikaa bure siku zote saba. Kwenye simu ya megabaiti 512, kumega megabaiti 64 ni kumnyang'anya mwenye simu sehemu ya nane ya alichonunua, naye hajui.

Wahandisi wa Samsung nchini Poland, Marek Szyprowski na Michal Nazarewicz, ndio walioongoza kazi ya kuliondoa hilo, na mwaka 2012 kazi yao ikaingia katika kerneli toleo la 3.5. Wazo lao ni la haki na la busara. Eneo la kamera linatengwa vilevile mwanzoni, ila halikai bure. Linakopeshwa kwa wengine, lakini kwa sharti moja: anayekopeshwa awe mtu wa kuhamishika. Kurasa za programu za kawaida zinahamishika, kwa sababu zinafikiwa kwa majedwali. Unanakili yaliyomo kwenye ukurasa mwingine, unarekebisha jedwali, na programu inaendelea bila kujua kwamba chini yake pamebadilika. Kamera ikifunguliwa, kerneli inawahamisha wakopaji wote, eneo linakuwa tupu, kamera inapata nafasi yake.

Kuna gharama, sikatai. Kuhamisha maelfu ya kurasa kunachukua muda, na akitokea mkopaji aliyeshikiliwa kwa sababu fulani, kwa mfano ukurasa ambao kifaa kingine kinauandikia wakati huohuo, kamera inangoja au inakosa. Hata hivyo, kati ya kusubiri mara moja moja na kunyang'anywa kumbukumbu kila siku, najua ningechagua kipi, hasa katika nchi ambazo simu ya kumbukumbu ndogo ndiyo simu ya watu wengi. Watengenezaji wa Android wenyewe waliliona hilo walipotoa mwishoni mwa mwaka 2017 toleo maalumu kwa simu za gigabaiti 1 au chini ya hapo. Kwenye simu kama hizo kila megabaiti inayorudishwa kwa mwenyewe inaonekana.

Tofauti hiyo ya anayehamishika na asiyehamishika ndiyo moyo wa mazungumzo yangu, na aliyeifanya iwe msingi wa ugawaji ni Mel Gorman wa Ireland, aliyesoma Chuo Kikuu cha Limerick na aliyeandika kitabu kizito juu ya kumbukumbu ya Linux kilichotoka mwaka 2004. Hoja yake ilikuwa hivi: kama kurasa zisizohamishika zitatapakaa kila mahali, hakuna mbinu itakayoleta fungu kubwa baadaye. Kwa hiyo zitenganishwe tangu mwanzo. Kumbukumbu igawanywe katika maeneo, kwa kawaida ya megabaiti 2 kila moja. Maeneo mengine yawe ya wahamaji, mengine ya wasiohamishika, mengine ya wale wanaoweza kufutwa na kuundwa upya ikibidi, kama vile nakala za taarifa za mafaili zilizohifadhiwa kwa ajili ya kasi. Eneo la kundi moja likijaa, kundi hilo linaruhusiwa kuingia la jirani, lakini likiingia lichukue fungu kubwa kabisa linalopatikana, ili uharibifu ukusanyike mahali pamoja badala ya kutawanyika.

Ilichukua miaka ya mabishano. Walikuwapo waliosema kazi yote hiyo haifai, kwamba inaongeza ugumu kwa faida ndogo. Hatimaye ikaingia katika toleo la 2.6.24, lililotoka Januari 2008. Baada yake, mwaka 2010, katika toleo la 2.6.35, Gorman akaongeza jambo la pili: kerneli iwe na uwezo wa kujipanga upya. Mkaguzi mmoja anaanzia chini ya eneo la kumbukumbu akitafuta kurasa zilizoshikwa zinazohamishika. Mwingine anaanzia juu akitafuta kurasa tupu. Za chini zinahamishiwa juu, na wakaguzi wakikutana kazi imekwisha, huku chini zimebaki kurasa tupu zinazofuatana. Jambo la pili lisingefaa kitu bila la kwanza. Huwezi kupanga upya nyumba ambazo haziwezi kuhama, kwa hiyo ilibidi kwanza zisisambae.

Mwaka 2011 wakaja wa kurasa kubwa, wakiongozwa na Andrea Arcangeli, wakaifanya kerneli itoe kurasa za megabaiti 2 kwa programu bila programu kuomba. Kwa baadhi ya kazi ni faida tupu. Kwa nyingine hapana: waendeshaji wa hifadhidata ya Redis, kwa mfano, wanashauriwa na waundaji wake waizime mbinu hiyo, kwa sababu ya kusitasita kunakotokea wakati wa kunakili kurasa hizo kubwa. Siendelei na hilo leo.

Nataka niende kwenye upande wa waombaji, kwa sababu kerneli hata ikijitahidi vipi, mwombaji asiye na kiasi atalirudisha tatizo.

Ndani ya kerneli kuna milango miwili mikuu ya kuombea. Mmoja unaitwa kmalloc, na unatoa kumbukumbu iliyoshikana kweli kweli. Mwingine unaitwa vmalloc, na unatoa kumbukumbu inayoonekana imeshikana lakini imeundwa kwa kurasa zilizookotwa popote, zikaunganishwa kwa majedwali. Katika mashine za zamani za biti 32, mlango wa pili ulikuwa mwembamba: kwa kawaida kerneli nzima ilikuwa na megabaiti 128 tu za anwani kwa kazi hiyo. Waandishi wa draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa, wakajifunza kuukwepa, wakafundishana kuukwepa. Leo, kwenye prosesa za biti 64 za aina ya x86, eneo hilo la anwani ni terabaiti 32. Sababu ya kukwepa imekwisha zamani, ila mazoea yamebaki, na hadi leo unakuta msimbo unaoomba kurasa 16 zilizoshikana kwa ajili ya jedwali ambalo hakuna kifaa kitakachowahi kulisoma.

Mfano wa kuacha mazoea, na ninautaja kwa furaha, ni ule wa steki ya kila mchakato ndani ya kerneli, lile eneo dogo la kazi ambalo kerneli hulitenga kila programu inapoanzishwa. Mwaka 2014, kwenye mashine za x86 za biti 64, eneo hilo liliongezwa kutoka kilobaiti 8 hadi 16, yaani kurasa 4 zilizoshikana. Kila programu mpya, kila uzi mpya wa kazi, ulihitaji kurasa 4 zinazofuatana, na kwenye seva yenye shughuli nyingi hilo ni ombi lisilokoma. Mwaka 2016, katika toleo la 4.9, Andy Lutomirski alileta badiliko la kuzipata kurasa hizo kwa njia ya vmalloc. Kutawanyika kukaacha kuwa kikwazo. Tena ikapatikana faida ambayo njia ya zamani haikuweza kuitoa: ukurasa wa ulinzi uliowekwa mwishoni mwa eneo, hivi kwamba kerneli ikipitiliza mpaka wake inashikwa hapo hapo badala ya kuharibu kimyakimya data ya jirani. Aliuliza swali dogo tu: je, hizi kurasa ni lazima zishikane? Haikuwa lazima.

Mwaka uliofuata, 2017, ukaja mlango wa tatu, kvmalloc. Unajaribu kwanza kumbukumbu iliyoshikana bila kuisumbua sana mashine, na ikikosekana unakwenda kwenye ile ya kuunganisha. Sehemu nyingi za kerneli zilikuwa zimejiandikia mbinu hiyohiyo kila moja kivyake, nyingine vizuri, nyingine vibaya. Sasa iko mahali pamoja.

Bado lipo suala la kukataliwa, na hapa nina neno kali kidogo. Kwa maombi ya hadi kurasa 8, yaani kilobaiti 32, kerneli ya Linux ina desturi ya kutokata tamaa. Itafuta, itahamisha, ikibidi itaua programu, lakini itahangaika mpaka ipate. Zaidi ya kurasa 8 inajiona ina haki ya kusema hapana. Aibu ya desturi hiyo ilifichuka mwaka 2014, wasimamizi wa kerneli walipoijadili kwa kina: kwa kuwa maombi madogo yalikuwa karibu hayakataliwi kamwe, njia nyingi za kushughulikia kukataliwa, zilizoandikwa kwa uangalifu ndani ya msimbo, zilikuwa hazijawahi kupitiwa na mashine yoyote. Na baya zaidi, kule kung'ang'ana kulikuwa kunaweza kuifunga mashine nzima: mwombaji anashikilia kufuli huku akingoja kumbukumbu, na programu iliyochaguliwa kuuawa ili kumbukumbu ipatikane inalingoja kufuli hilohilo.

Msimamo wangu ni kwamba mwandishi wa programu anayeomba fungu kubwa bila kujiandaa kwa jibu la hapana hajamaliza kazi yake. Najua ratiba ni fupi na meneja anasubiri. Lakini draiva ya mtandao inayohitaji kurasa 4 zilizoshikana kwa kila pakiti kubwa, na inayoomba katika hali isiyoruhusu kungoja, siku moja itakataliwa. Itakataliwa baada ya wiki tatu za mashine kuwa kazini, usiku, kwenye seva ambayo vipimo vinaonyesha ina nafasi tele. Fundi wa zamu ataangalia asilimia ya kumbukumbu tupu, ataona iko juu, na atatafuta kosa mahali pengine hadi alfajiri.

Ndiyo maana ushauri ule wa mafundi wetu wa simu, wa kuzima na kuwasha, haupaswi kudharauliwa. Si kila simu nzito inaponywa hivyo, na kuna maradhi mengine mengi. Lakini kuzima na kuwasha kunarudisha mapacha wote pamoja, na kwa mashine iliyokatikakatika hiyo ni tiba ya kweli. Kasoro yake ni kwamba seva ya hospitali au ya huduma ya fedha haiwezi kuzimwa kila mara inapochoka. Kwa mashine hizo, mpangilio lazima uwe mzuri tangu mwanzo.

Vijana wetu wengi wanaandika programu za simu, na wanaziandika vizuri. Wachache mno wanashuka hadi kwenye kerneli. Ningependa washuke. Nawaomba walimu wa vyuo vikuu vyetu wasiishie kufundisha ugawaji wa kumbukumbu kwa michoro ya ubaoni tu, kwa sababu mchoro hauonyeshi kinachotokea mashine ikishakaa kazini siku nyingi. Msimbo wenyewe uko wazi, hauna ada, na sehemu ya mapacha si ndefu sana kwa mwanafunzi mwenye bidii.

Na wewe msikilizaji mwenye kompyuta ya Linux, fungua dirisha la amri uandike cat, acha nafasi, kisha /proc/buddyinfo. Utaona mistari michache yenye safu kumi na moja za namba. Safu ya kwanza kushoto ni idadi ya mafungu matupu ya ukurasa mmoja, ya mwisho kulia ni ya kurasa 1,024. Iangalie mara tu baada ya kuwasha mashine, kisha iangalie tena baada ya wiki ya kazi, na umwonyeshe mwenzako namba za upande wa kulia.